Paka wangu wa Maine Coon ana mvumo moyoni na cheti chake kinasema N/HCM. Nifanye nini?

SWALI: Nina paka dume wa aina ya Maine Coon, umri wake miaka 2 na miezi 8, uzito kilo 7.4. Nilimpeleka kuhasiwa, daktari akasikia mvumo moyoni (sauti ya ziada kati ya mapigo) akaahirisha upasuaji. Nilipofungua bahasha ya vyeti niliyopewa na mfugaji aliyeniuzia, nikakuta cheti cha DNA kimeandikwa N/HCM. Nimesikia pia kwamba dada yake wa mzao mmoja alikutwa amekufa asubuhi bila kuugua. Wangu anakula, anacheza, anapanda mapazia. Je, ni mgonjwa? Nimpe aspirini ya watoto kama nilivyoshauriwa? Na jirani ana jike wa aina hiyo hiyo, anataka tuwapandishe. Nikubali?

JIBU: Dada, aspirini usimpe, jirani mwambie hapana, na upasuaji usubiri mpaka moyo upimwe kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Daktari wako alifanya vyema sana kusita, mshukuru. Kama paka wako ni mgonjwa au la, hakuna anayeweza kukwambia kwa kusoma cheti wala kwa kusikiliza kifua peke yake, na nitakueleza kwa nini.

HCM ni ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa yenyewe, bila kitu cha nje kuisukuma. Unaoshambuliwa zaidi ni ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachopeleka damu mwilini. Wengi hudhani moyo wa namna hii umechoka kusukuma. Kusukuma unasukuma, tena kwa nguvu. Kinachoushinda ni kulegea. Moyo hujaa damu katika kile kitambo kifupi cha kulegea kati ya pigo na pigo, na ukuta mnene, mgumu, haulegei sawasawa. Damu inayorudi kutoka mapafuni inakosa pa kuingia, inarundikana kwenye chumba cha juu cha kushoto, nacho kinatanuka. Hapo ndipo hatari mbili zinapozaliwa. Ya kwanza, presha inarudi nyuma mpaka mapafuni, maji yanavuja ndani ya mapafu au yanajaa kuyazunguka. Ya pili, damu inayozungukazunguka polepole ndani ya chumba kilichotanuka inaganda, bonge linachomoka, linasafiri na mshipa mkubwa na kukwama pale unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma. Kuna na hatari ya tatu, mapigo kuvurugika ghafla na moyo kusimama. Huenda ndivyo alivyokufa yule dada yake, ingawa bila kupasuliwa na kuchunguzwa hilo halithibitishiki.

Ugonjwa huu ndio unaoongoza kati ya magonjwa yote ya moyo ya paka. Inakadiriwa paka 15 katika kila 100 wanao, na wengi wao huishi mpaka uzee bila kuonyesha dalili hata moja. Liweke hilo moyoni mwako unapoendelea kusoma.

Sasa kile cheti. Mwaka 2005 Kathryn Meurs na wenzake nchini Marekani waligundua kwamba Maine Coon wengi wenye HCM wana kosa katika jeni iitwayo MYBPC3. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayofunga na kuratibu nyuzi za myosini, zile zinazovutana moyo unapopiga. Kosa lenyewe ni dogo mno: katika nafasi ya 31 ya protini, kijenzi kiitwacho alanini kimebadilishwa na kingine kiitwacho prolini. Ndiyo maana kwenye vyeti huandikwa A31P. Mwaka 2007 likapatikana kosa jingine katika jeni hiyo hiyo kwa paka wa aina ya Ragdoll, nafasi ya 820, R820W. Haya ni makosa mawili tofauti, na kila kipimo kinatafuta lake. Kipimo cha Ragdoll hakimfai Maine Coon, na vyote viwili havimsaidii paka wa Kiajemi wala British Shorthair, ambao nao huugua HCM. Paka wa mtaani naye anaupata vilevile.

Chukua cheti chako ukisome kwa makini. Hakikisha kimeandikwa A31P au "Maine Coon". Hakikisha namba ya chipu iliyo kwenye cheti ni ile ile anayosoma daktari mgongoni mwa paka, katikati ya mabega. Na uangalie kama aliyepimwa ni yeye mwenyewe au ni mzazi wake, maana vyeti vya wazazi mara nyingi hutiwa kwenye bahasha ya mtoto na mnunuzi asitambue. Ukiwa na shaka, kurudia ni rahisi: unasugua ndani ya shavu kwa brashi ndogo au pamba ya kijiti, unaacha ikauke, unaituma. Maabara ya jenetiki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ni mojawapo ya zinazopima. Asile chochote kwa muda kabla ya kusugua, na kama ni mtoto anayenyonya mtenge na mama kwanza, la sivyo utaituma DNA ya mama.

Tukichukua kwamba cheti ni chake, N/HCM maana yake amerithi nakala moja nzima na moja yenye kosa. Paka wenye nakala mbili mbovu, HCM/HCM, ndio walio hatarini hasa. Huanza mapema na huugua vibaya. Wenye nakala moja kama wako, wengi hawaugui kabisa, au huugua wakiwa watu wazima sana. Kwa upande wa pili, wapo Maine Coon wenye N/N, yaani nakala zote mbili nzima, walioishia kuwa na HCM, kwa sababu yapo makosa mengine ya jeni ambayo kipimo hiki hakiyagusi. Kwa hiyo cheti kinakueleza alichorithi na atakachorithisha. Hali ya moyo wake leo hakiijui.

Mvumo nao una mipaka yake. Paka aliyeogopa, yuko juu ya meza ya chuma, mapigo yanakimbia zaidi ya 200 kwa dakika, anaweza kutoa mvumo na moyo wake ukawa mzima kabisa, kwa sababu damu inapita kwa kasi kwenye njia inayobana kidogo upande wa kulia. Wakati mwingine mvumo unatoka kwenye HCM kweli: ulimi wa vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, unavutwa kuelekea ukuta wa kati na kuziba njia ya damu kutoka. Na wapo paka wengi wenye HCM wasio na mvumo wowote. Daktari akisikia mapigo matatu badala ya mawili, mwendo kama wa farasi anayetimka, hapo wasiwasi uzidi.

Kinachokata mzizi wa fitina ni eko. Huhitaji kumlaza usingizi. Paka hulala ubavu juu ya meza au mto wenye uwazi, kichwa cha mashine kinapitishwa kwa chini, manyoya yanaloweshwa kwa spiriti na jeli au yananyolewa kidogo tu. Mtafute daktari wa wanyama aliyezoea moyo wa paka, maana hapa kosa la milimita moja linageuza jibu zima. Paka wako akiwa mwoga wa safari, muulize daktari kuhusu gabapentini. Miligramu 100 saa mbili au tatu kabla ya kutoka nyumbani huwatuliza wengi.

Ripoti usiikubali ikiwa imeandikwa "moyo umekua kidogo" na basi. Omba namba. Ya kwanza ni unene wa ukuta wa ventrikali ya kushoto wakati moyo umelegea, ukipimwa sehemu kadhaa, kwa sababu HCM inaweza kushika kipande kimoja tu cha ukuta. Chini ya milimita 5 ni sawa. Kuanzia 6 kwenda juu ni HCM mpaka ithibitike vinginevyo. Kati ya 5 na 6 ni eneo la mashaka, na kwa dume mkubwa wa kilo 7.4 milimita 5.3 inaweza kuwa kawaida yake, kwani unene huongezeka na ukubwa wa mwili. Hapo atarudia baada ya miezi 6 hadi 12. Namba ya pili, na kwangu hii ndiyo inayotangulia ukitaka kujua kesho yake, ni ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto ukilinganishwa na mshipa mkuu. Uwiano wa mpaka 1.5 ni wa kawaida. Paka mwenye ukuta wa milimita 7 na chumba kidogo cha juu yuko salama kuliko mwenye milimita 6.2 ambaye chumba chake kimetanuka mara mbili.

Kabla ya kumbandika jina la HCM, sababu nyingine za ukuta kunenepa ziondolewe. Shinikizo la damu lipimwe, na kwa paka wa kuanzia miaka 6 au 7 ipimwe pia homoni ya tezi ya thairoidi. Paka aliyeishiwa maji mwilini ukuta wake huonekana mnene kuliko ulivyo, kwa hiyo asipimwe akiwa na kuhara au kutapika. Pale ambapo eko haipatikani upesi, kipo kipimo cha damu cha NT-proBNP. Kikiwa juu ya 100, kwa kipimo cha pikomoli kwa lita, kuna sababu ya kuitafuta eko kwa haraka. Lakini kikiwa chini, ugonjwa wa hatua ya mwanzo unaweza kujificha nyuma yake.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya wengi wanaolisha paka ugali na mchuzi. Upo ugonjwa mwingine wa misuli ya moyo wa paka, ambao ukuta unakuwa mwembamba na chumba kinapanuka, moyo unakosa nguvu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake walionyesha kwamba chanzo chake kikubwa ni upungufu wa taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama na samaki, na kisichokuwamo kwenye nafaka. Huo unatibika kwa taurini, na wengi hupona wakiwahiwa. Taurini huyeyuka kwenye maji, hivyo ukichemsha nyama au samaki ukamwaga supu, taurini nyingi umeimwaga. HCM haiponi kwa taurini. Ni magonjwa mawili, na eko huyatenganisha kwa dakika moja.

Tuje kwenye dawa. Eko ikionyesha ukuta umenenepa lakini chumba cha juu ni cha kawaida, mara nyingi hapewi kitu. Dawa za kupunguza mapigo kama atenololi hutumika pale njia ya damu inapozibwa sana na ile vali, ila hazijaonyesha kurefusha maisha ya paka asiye na dalili. Jipya ni hili: Machi 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kwa masharti vidonge vya sirolimusi vya kumeza mara moja kwa wiki, kwa paka wenye HCM ambao hawajaanza dalili. Kwa masharti maana yake usalama umekubalika na kuna matumaini ya msingi kwamba inafanya kazi, huku ushahidi kamili ukiendelea kukusanywa. Haiwafai paka wenye kisukari wala wenye ini bovu.

Chumba cha juu kikiwa kimetanuka kiasi cha kutosha, hapo dawa ya kuzuia damu kuganda inaanza, na dawa hiyo ni klopidogreli. Dozi ni miligramu 18.75 kwa siku, yaani robo ya kidonge cha binadamu cha miligramu 75. Kuhusu aspirini, mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliozilinganisha dawa hizi mbili kwa paka 75 waliokwisha kupata bonge mara moja: waliokuwa kwenye aspirini, nusu yao walipata bonge tena ndani ya siku 192; wa klopidogreli ilikuwa siku 443. Isitoshe, ini la paka huiondoa aspirini polepole mno. Ukimpa kila siku kama mtoto wa binadamu inajilimbikiza, anatapika, tumbo linavuja damu. Na parasetamoli usiisogeze kabisa karibu naye. Kidonge kimoja kinamuua paka.

Robo ya klopidogreli ina taabu yake. Ukikata, utando wa nje unapasuka na uchungu wake ni mkali. Paka anatoa povu mdomoni, anakimbia chini ya kitanda, na mwenye paka anadhani amemwekea sumu. Kata kwa kikatio cha vidonge, weka ile robo ndani ya kapsuli tupu ndogo ya jelatini, ipake siagi kidogo, iweke nyuma kabisa ya ulimi, kisha fuatisha mililita 3 hadi 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, upande wa shavu. Yale maji usiyaruke, kwani kidonge kikavu hukwama kooni na kuunguza. Robo zilizobaki ziweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Kazi yako ya kila usiku, hata kabla ya eko, ni kuhesabu pumzi. Haigharimu kitu, na ndiyo inayotangulia kugundua maji mapafuni. Msubiri alale usingizi mzito, masharubu na makucha yasiwe yanachezacheza kwa ndoto, asiwe anakoroma kwa raha. Tazama ubavu, pale mbavu zinapoishia na tumbo kuanza. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Andika tarehe na namba. Fanya hivyo kwa siku 7 upate kawaida yake. Paka wengi wazima huwa chini ya 30. Akizidi 30, rudia baada ya nusu saa au saa moja akiwa bado amelala. Ikibaki juu, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ikifika 40, au tumbo linavutwa kila pumzi, au amekaa viwiko vimetanuka na shingo mbele, au anahema mdomo wazi, ondokeni mara moja. Usisubiri kikohozi: mbwa wa moyo hukohoa, paka wa moyo kwa kawaida hakohoi. Anayekohoa aghalabu ana pumu.

Paka wa namna hiyo mbebe kwenye kikapu chenye hewa, usimlaze ubavu kwa nguvu, usimlishe, usimnyweshe. Daktari atampa oksijeni na sindano ya furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, na kama maji yako nje ya mapafu atayavuta kwa sindano kati ya mbavu, na nafuu huonekana hapo hapo. Picha za eksirei zisubiri mpaka apumue. Wengi hufa kwa kushikiliwa juu ya meza.

Dharura nyingine ni bonge la damu. Paka analia kwa sauti usiyowahi kuisikia, anaburuta mguu mmoja wa nyuma au yote miwili. Watu husema kagongwa na gari au kaumwa na nyoka. Shika nyayo: zikiwa baridi kuliko za mbele, zimepauka au zimekuwa za buluu, na misuli ya paja imekakamaa kama ubao, ni bonge. Usimkande, usimwekee chupa ya maji moto. Mfunge taulo, mpeleke. Kitu cha kwanza kudai ni dawa kali ya maumivu, kwa sababu maumivu yake ni makubwa sana. Mguu mmoja ukiwa ndio umeziba, matumaini ni makubwa kuliko miwili.

Kuhasi inawezekana, na napenda afanyiwe. Eko ikiwa safi, au ukuta umenenepa kidogo bila chumba cha juu kutanuka, daktari ataendelea kwa tahadhari. Mkumbushe mambo matatu: ketamini, dawa ya usingizi, inakimbiza moyo na ni bora aiepuke, maji ya mshipa yawe kidogo na polepole, na sindano za steroidi za kukaa muda mrefu zisitumike ovyo. Paka wengi waliokuwa wametulia hujaa maji mapafuni siku chache baada ya dripu nyingi au sindano kama hiyo.

Na jirani. Ukimpandisha dume wa N/HCM kwa jike wa N/N, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi kosa. Jike naye akiwa N/HCM, ambalo kwa Maine Coon si jambo la nadra, kila mtoto ana nafasi robo ya kuzaliwa na nakala mbili mbovu. Wafugaji wenye kumbukumbu nzuri wakati mwingine humtumia mwenye nakala moja kwa jike wa N/N, wakapima watoto wote na kubakiza wale wa N/N kwa uzazi, ili damu ya ukoo isibanwe kwa kuwaondoa wengi kwa mpigo. Lakini hao hutumia mnyama mwenye moyo safi kwa eko ya kila mwaka na ndugu wasio na vifo. Wako ana mvumo, na dada yake amekufa ghafla akiwa mdogo. Hilo linatosha.

Ripoti ya eko ikitoka, mtumie nakala mfugaji aliyekuuzia, na umwombe awafikishie wenye paka wengine wa mzao ule. Wako watu wanaolala na ndugu zake kitandani bila kujua kwamba wanapaswa kuhesabu pumzi.